Sanduku la Maswali: Radi na laini kubwa za umeme

Mvua za Septemba zikishaanza huku Kivu, na zile za Novemba kule Lubumbashi, barua kuhusu radi hazikosi. Safari hii tunajibu zile zinazohusu laini za msongo mkubwa, yaani laini za piloni za chuma, pamoja na kabini, yaani vituo vidogo vya transfoma, zinazolishwa nazo.

Juu kabisa ya piloni kuna waya mwembamba ambao haushikwi na vikombe kama zile zingine. Je, unabeba umeme? Kama haubebi, uko pale kwa kazi gani?
*Mama mwenye duka, Ndosho, Goma*

Mama, waya huo haupeleki umeme kwa mtu yeyote. Ni waya wa ngao. Mafundi wetu wengi wanauita kebo ya gardi. Umefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha piloni, na piloni nayo imefungwa ardhini, ndiyo maana hauna vikombe, vile vya kioo au kauri vinavyoutenga waya wa umeme na chuma cha piloni. Kazi yake ni kupigwa. Radi ikishuka hukutana kwanza na kilichoinuka, na waya huo umepandishwa juu ili upigwe kabla ya nyaya zilizo chini yake. Kwa kawaida ni wa chuma kilichopakwa zinki, milimita za mraba 50 hadi 70. Katika laini mpya, ndani yake hupitishwa pia nyuzi za fibra optiki za mawasiliano.

Ili ujue kwa nini hauwezi kukosekana, fanya hesabu hii. Waya wa laini, wimbi la radi linapouingia, una ukinzani wa karibu ohmu 400, na mkondo hugawanyika: nusu kushoto, nusu kulia. Radi ndogo ya kiloampea 5, ambayo kwa radi ni kitu kidogo sana, inaacha kiloampea 2.5 kila upande, na 2.5 mara 400 ni kilovoti 1,000. Vikombe vya laini ya kilovoti 70, kama ile inayotoka Bukavu kuja Goma, hujengwa kustahimili msukumo, yaani msongo wa ghafla wa radi, wa karibu kilovoti 325. Basi radi ikigusa waya wenyewe, hata iwe dhaifu kama hiyo, cheche inaruka.

Mahali pa waya wa ngao pana kipimo chake. Chora kwa macho mstari wa wima kutoka kwenye waya huo kwenda chini, kisha mstari wa pili kutoka hapo hapo hadi waya wa nje kabisa. Pembe kati ya mistari hiyo isizidi digrii 30 hivi kwa piloni za kawaida. Piloni ikirefuka, pembe lazima ipungue. Laini za kilovoti 400 na 500 huwekewa nyaya mbili za ngao, pembe ikikaribia 0. Na kwenye milima yetu kuna mtego mmoja: piloni ikisimama kwenye mteremko, waya wa upande wa bondeni unatazama hewa tupu, na radi inaweza kuingia kwa ubavuni, chini ya ngao. Pembe inayotosha kwenye tambarare ya Ruzizi haitoshi juu ya kilima.

Je, ni kweli sehemu zetu zinapigwa na radi kuliko popote duniani? Wanafunzi wangu wananiuliza kila siku.
*Mwalimu, Kadutu, Bukavu*

Karibu kweli, mwalimu. Chombo cha kuhesabu radi kilichokuwa kwenye setilaiti TRMM kilikusanya takwimu za miaka 1998 hadi 2013. Mahali pa kwanza palikuwa Ziwa Maracaibo la Venezuela, miale karibu 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mahali pa pili duniani, na pa kwanza Afrika, ni Kabare, hapo hapo jirani na ninyi, miale karibu 205. Waambie wanafunzi kwamba hesabu hiyo inachanganya radi zote, hata zinazobaki ndani ya mawingu. Zinazofika chini ni sehemu tu. Sababu ni hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo na kutoka ziwani, ikisukumwa juu na milima mchana kutwa hadi ikawa mawingu marefu sana.

Kwa laini ya umeme, muhimu ni radi zinazotua chini. Kanuni inayotumiwa sana inasema hivi: laini ya urefu wa mita 25 hivi, katika kilomita 100, hupigwa mara karibu 20 kwa mwaka kwa kila radi 1 inayotua kwenye kilomita ya mraba. Chukua radi 10 tu kwa kilomita ya mraba: ni mapigo 200 kwa mwaka katika kilomita 100. Ndiyo maana muundo wa laini uliotoka Ulaya hauwezi kuwekwa hapa kama ulivyo.

Laini yetu ina waya wa ngao toka mwanzo hadi mwisho, lakini mvua ikija inajikata tu. Waya wa ngao unasaidia nini basi? Tuko juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo.
*Fundi kijana, Katindo, Goma*

Kijana, jibu umeliandika mwenyewe mwishoni mwa swali. Waya wa ngao unapokea radi vizuri kabisa. Taabu inaanza pale radi inapotaka kushuka na ardhi inakataa kuimeza.

Radi ya kadiri ina kiloampea 30 hivi. Radi moja katika 20 inapita kiloampea 80. Mkondo unashuka kwenye piloni, unafika miguuni, na pale unakutana na ukinzani wa ardhi. Hesabu ya juu juu: kiloampea 30 kwenye ohmu 10 ni kilovoti 300, kwenye ohmu 50 ni kilovoti 1,500. Hapo piloni nzima, ambayo sisi tunaijua kuwa "ardhi", imepanda kuliko waya wa umeme wenyewe, na cheche inaruka kutoka kwenye mkono wa piloni kwenda kwenye waya. Ndiyo tunayoita mruko wa kinyume. Cheche ya radi inakufa ndani ya mikrosekunde chache, lakini imeacha njia ya hewa ya moto, na umeme wa laini unaifuata njia hiyo hiyo. Huo wa pili ndio unaolazimisha swichi kukata.

Kumbuka pia kwamba laini ya kilovoti 70 ni dhaifu kuliko ya 220 katika jambo hili. Mnyororo wa vikombe vya laini ya 220, vikombe 13 hadi 16, unastahimili msukumo wa kilovoti 1,050 au zaidi; piloni ya ohmu 10 inaweza kumeza kiloampea 100 bila mruko. Mnyororo mfupi wa 70 hauna akiba hiyo. Kwa hiyo lengo lenu liwe ohmu 10 au chini, na mkikwama juu ya 20 mjue kwamba piloni hiyo inahitaji msaada mwingine, ambao tunaueleza kwenye swali la parafudri, yaani vifaa vya kuipitisha radi bila laini kukatika.

Sasa lava. Udongo wa mfinyanzi wenye maji una ukinzani wa ohmu-mita 100 hivi au chini yake. Lava kavu inapita 1,000 kwa urahisi, mara nyingi maelfu kadhaa. Nondo moja ya mita 2, kipenyo milimita 16, kwenye udongo wa ohmu-mita 100 inakupa ohmu 47. Nondo ile ile kwenye lava ya 3,000 inakupa ohmu 1,400. Haijafanya kazi yoyote, hata ukiongeza ya pili na ya tatu pembeni yake. Tunaona watu wanapigilia nondo hadi inapinda kichwa, wanaikata, wanaandika "imewekwa". Acheni jambo hilo.

Kinachofaa kwenye lava ni nyaya za kulala. Chimba mitaro minne kutoka kwenye miguu minne ya piloni, kila mmoja ukielekea upande wake kama nyota, kina cha sentimita 50 hadi 80, urefu wa mita 50 hadi 60. Laza ndani waya wa chuma cha zinki wenye kipenyo cha milimita 10. Mtaro mmoja wa mita 60 kwenye ohmu-mita 3,000 unatoa karibu ohmu 100. Minne kwa pamoja, kwa sababu inabanana kidogo karibu na piloni, inatoa kama 30 hadi 40. Bado si 10, lakini umetoka mbali. Usirudishe mawe matupu ndani ya mtaro. Leta udongo mweusi, uushindilie kuzunguka waya wote. Mawe yanaacha hewa, na waya unaogusa hewa ni kama haupo.

Usidanganyike kuweka mkono mmoja wa mita 240 badala ya minne ya 60. Kwa kipimo cha fundi vitalingana, kwa radi havilingani. Wimbi la radi linapoingia kwenye waya wa ardhini halioni urefu wote mara moja. Mwanzoni kila waya unaonekana kama ohmu 150 au 200, na unashuka kadiri wimbi linavyosafiri. Mikono minne inaanza na robo ya hapo. Zaidi ya mita 60 au 80, sehemu ya mwisho inapata habari wakati radi imeshamaliza.

Mkiwa na mashine ya kutoboa, toboeni mashimo ya milimita 75 hadi 100 kwenda chini mita 6 au zaidi. Chini ya mtiririko mmoja wa lava mara nyingi kuna udongo wa zamani uliofunikwa; ukiufikia umepata hazina. Weka nondo katikati, jaza bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, iliyokorogwa na maji. Bentonaiti inashika maji vizuri, ila ikikauka inasinyaa na kuachana na nondo, kwa hiyo ni ya kina kirefu, si ya juu juu. Chumvi tunaikataa kabisa: mvua mbili tatu zinaiosha, na kabla ya kuondoka imeshakula zinki. Msisahau na saruji: msingi wa zege unashika unyevu kuliko lava inayouzunguka, kwa hiyo nondo za ndani ya msingi ziunganishwe na mguu wa piloni kabla zege halijamwagwa. Ni kazi ya dakika chache wakati wa kujenga. Baadaye haiwezekani tena.

Tumepima piloni zote za sehemu yetu, kila moja imetoa ohmu 3 au 4. Lakini piloni hizo hizo ndizo vikombe vyake vinaungua. Je, mashine imeharibika?
*Fundi wa laini, Bagira, Bukavu*

Mashine ni nzima. Mlipima bila kuachanisha waya wa ngao. Hapo hamkupima piloni moja. Mlipima piloni hiyo pamoja na zote zilizoshikana nayo kwa waya wa juu. Piloni za ohmu 50, zikiwa zimefungwa pamoja mfululizo kwa waya wenye ohmu 1 hivi kila nafasi, ukisimama kwenye yoyote utasoma ohmu 3 au 4.

Radi haina muda wa kuzifikia hizo zingine. Wimbi linasafiri mita 300 kwa mikrosekunde 1. Piloni ya jirani ikiwa mita 300, msaada wake unarudi baada ya mikrosekunde 2, na kikombe mara nyingi kimesharuka.

Njia ni mbili. Ama mpime kwa mashine ya masafa ya juu, kilohezi 25 hivi, ambayo waya wa ngao unaonekana kwake kama ukuta. Ama laini izimwe, ifungwe ardhini pande zote mbili kama sheria inavyotaka, ndipo waya wa ngao uachanishwe na piloni. Msiufungue waya huo kwa mkono laini ikiwa na umeme, hata kama umezoea kuuona "umekufa": unabeba mkondo wa kuazima kutoka kwa nyaya za jirani.

Pini ya mkondo, ile ya mbali inayorudisha mkondo wa mashine, iwe mita 100 kutoka piloni, pini ya kupimia mita 62, kisha rudieni kwenye 52 na 72. Namba tatu zikikaribiana, kipimo ni cha kuaminika. Zikitofautiana sana, sogezeni pini ya mkondo mbali zaidi. Nyaya za kupimia zisifuate mikono iliyozikwa. Zipite katikati yake. Kwenye mwamba ambapo pini haiingii, laza bamba la chuma juu ya gunia lililoloweshwa maji ya chumvi; kwa pini za msaada inakubalika. Na pimeni mwezi wa Julai au Agosti, ardhi ikiwa imekauka. Kipimo cha mwezi wa Aprili kinawapendeza wakubwa tu: radi za kwanza za Septemba zinaikuta ardhi ikiwa bado kavu, na hapo ndipo laini zinaanguka kwa wingi.

Piloni iliyo juu ya kilima chetu imepigwa mara tatu. Watu wanaanza kumtaja mzee mmoja kwamba ndiye anayetuma radi. Ninyi mnasema nini?
*Msomaji, kwetu ni upande wa Kabare*

Tunasema mzee huyo aachwe kwa amani, na tunaomba ndugu wote wanaosoma hapa walisikie hili. Piloni iliyo juu ya kilima imeinuka kuliko kila kitu kinachoizunguka. Itapigwa tena mwaka huu na mwakani, mzee awepo au asiwepo. Kama mawe ya kilima hicho ni makavu, radi itatawanyika pembeni miguuni pake, na ndiyo sababu mbuzi hufa hapo bila kuguswa na mwale. Mkitaka kumwonyesha mtu kidole, onyesheni wenye laini: waambieni waje wapime ardhi ya piloni hiyo.

Mvua ikinyesha, taa inazima kwa muda wa kufumba jicho halafu inarudi. Je, ni delestaji?
*Papa wa familia, Kamalondo, Lubumbashi*

Hapana, Papa. Delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, haiwezi kuwa fupi namna hiyo. Radi imerusha cheche kwenye laini, swichi imekata, imesubiri karibu nusu sekunde ili hewa ya moto ipoe, na imefunga yenyewe. Makosa mengi ya radi yanapona kwa njia hiyo. Taa ikizima na isirudi, basi kuna kilichovunjika, au swichi ilijaribu na kukuta kosa bado lipo.

Kwa mafundi: kufunga upya si tiba. Kila mruko unaunguza uso wa kikombe. Pembe za cheche zilizowekwa juu na chini ya mnyororo zinaupeleka moto mbali na vikombe, lakini hazizuii laini kukatika. Vikombe vya kioo vina neema moja: kikiharibika kinapasuka chote, na unakiona ukiwa chini kwa darubini. Cha kauri kinaweza kuwa na ufa wa ndani miaka mingi, kikionekana kizima.

Tumeambiwa tuweke parafudri kwenye laini yenyewe, lakini pesa inatosha piloni chache tu. Tuchague zipi?
*Fundi wa msongo mkubwa, Ibanda, Bukavu*

Swali zuri, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea. Parafudri ya laini inakaa sambamba na mnyororo wa vikombe. Ndani yake kuna vidonge vya oksidi ya zinki: kwa umeme wa kawaida vinapitisha karibu hakuna kitu, msongo ukipanda vinafunguka ghafla, radi ikipita vinajifunga. Swichi haina haja ya kukata.

Anzeni na piloni zenye ohmu kubwa kuliko zote, si zile zilizo karibu na barabara kwa sababu zinafikika. Chukueni orodha ya vipimo vya kiangazi, iwekeni pembeni ya orodha ya vikombe vilivyoungua. Piloni zinazotokea kwenye orodha zote mbili ndizo za kwanza. Baada yake ni zile za juu ya vilele, na zile zinazovuka mabonde mapana ambako waya uko juu sana kutoka ardhini.

Kosa tunaloliogopa ni kuweka parafudri kwenye piloni moja iliyo katikati ya piloni mbaya. Hiyo moja haitaruka, lakini sehemu ya radi inapita kwenye parafudri, inaingia kwenye waya wa umeme, inakwenda kurusha cheche kwenye piloni ya jirani. Shikeni kipande kizima: kama piloni ya 41 hadi 46 zina ohmu 60, weka kwenye zote sita, na mmalizie na 40 na 47 hata kama zina ohmu 10. Pesa ikiwa haba mno, bora kipande kimoja kamili kuliko vipande vitatu nusu nusu.

Nyaya zote tatu zipate, au mbili? Kwenye piloni zenye waya wa ngao, waya wa umeme ulio mbali kuliko yote na ngao ndio unaoruka kwanza kwa mruko wa kinyume, kwa hiyo ukilazimika kupunguza, huo usiukose. Mahali pasipo na waya wa ngao, wekeni zote tatu. Hakikisheni waya wa kuunganisha una ulegevu wa kutosha kwa sababu laini inacheza na upepo. Nyingi zinakufa kwa waya kukatika, si kwa radi. Na kila moja iwe na kifaa cha kujitenga: ikiungua, kinaruka, waya unaning'inia, mlinzi wa laini anauona akiwa chini.

Transfoma ya kabini yetu imeungua, na parafudri zilikuwepo, tena mpya. Je, tuliuziwa feki?
*Kamati ya avenue, Kampemba, Lubumbashi*

Inawezekana, lakini kabla ya kumlaumu mwuzaji chukueni mita, mpime urefu wa nyaya. Tunaeleza kwa laini ya kilovoti 15.

Transfoma ya msongo huo hujengwa kustahimili msukumo wa kilovoti 95. Parafudri nzuri, radi ya kiloampea 10 ikipita, inabakiza kama kilovoti 60. Hapo akiba yenu ni 35. Lakini waya unaoiunganisha juu na unaoshuka ardhini, nao unajiongezea msongo: kila mita 1, kwa radi inayopanda kiloampea 10 kwa mikrosekunde, inaongeza kilovoti 10 hivi. Mita 3 na nusu za waya, akiba imekwisha. Tunaona parafudri zimefungwa kwenye mkono wa nguzo, waya unashuka mita 6 hadi nondo, na transfoma iko nguzo ya pili. Hiyo parafudri inajilinda yenyewe tu.

Sahihisho ni hili. Parafudri zifungwe kwenye kasha la transfoma lenyewe, kando ya vichwa vya msongo mkubwa. Waya wa laini ufike kwanza kwenye parafudri, kisha uende kwenye kichwa cha transfoma, usiwe tawi linaloning'inia pembeni. Waya wa chini wa parafudri ushikwe kwenye kasha kwa njia fupi kabisa, sentimita, si mita, ndipo kasha lishuke ardhini. Parafudri ikiwa na nondo yake na kasha na nondo nyingine, kiloampea 10 kwenye nondo ya ohmu 20 ni kilovoti 200, na hizo zote zinabaki kati ya waya na kasha. Neutrali, yaani ncha ya sifuri ya transfoma, ya upande wa nyumba ifuate mpango wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wa mtaa wenu. Msiiunganishe kwa kubahatisha.

Halafu someni kibao cha parafudri. Mahali ambapo neutrali ya kilovoti 15 haikufungwa ardhini, waya mmoja ukianguka, zile mbili zinapanda hadi msongo wote wa laini, saa nzima au zaidi. Parafudri iliyochaguliwa kwa mfumo wenye neutrali ardhini itapika na kupasuka hata siku isiyo na wingu.

Tunasoma kuhusu laini ya Inga hadi Kolwezi. Hiyo ni ya mkondo mnyoofu (DC): radi inaipiga namna gani?
*Mwanafunzi wa ufundi, Katuba, Lubumbashi*

Laini hiyo ya kilomita karibu 1,700, kilovoti 500 juu na 500 chini ya sifuri, inafanya kazi tangu 1982. Ina pande mbili za umeme, waya chanya na waya hasi. Radi nyingi zinazoshuka, kama 9 katika 10, zina chaji hasi, kwa hiyo waya chanya unazivuta zaidi, na mruko wa kinyume nao unaupata huo chanya zaidi. Wabunifu wanalijua jambo hilo. Ngao ya upande huo ndiyo ya kuangaliwa kwa makini.

Tofauti kubwa iko kwenye kukata. Mkondo mnyoofu haupiti kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde kama wetu wa nyumbani, kwa hiyo moto wa cheche haujizimi. Thairista, yaani swichi za elektroniki, za kituo cha kubadilisha mkondo ndizo zinazoamriwa kuushusha mkondo hadi sifuri, zinasubiri sehemu ya sekunde hewa ipoe, kisha zinapandisha tena taratibu. Waya mmoja ukishindwa, wa pili unaweza kuendelea kubeba nusu ya kazi.

Kuna mtu anauza paratoneri (fimbo ya kukinga radi) yenye "kifaa cha kuiita radi mapema". Anasema moja inalinda laini mita 100 kila upande.
*Msimamizi wa mgodi mdogo, Annexe, Lubumbashi*

Usinunue kwa ajili ya laini. Viwango vya kimataifa vya IEC 62305 vinahesabu urefu halisi wa chuma kilichosimama, havikiongezei kifaa hicho hata mita moja. Bora pesa hiyo iende kwenye mitaro ya ardhi. Kama laini yenu ya kilovoti 15 haina waya wa ngao, uwekeni angalau kilomita 1 ya mwisho kabla ya posti, yaani kituo cha transfoma, ili radi kali isipige karibu na transfoma zenu.

Waya uliokuwa ukishuka kwenye mguu wa piloni karibu na shamba letu umekatwa na wezi. Piloni bado imesimama na umeme unapita. Je, kuna hatari?
*Mkulima, njia ya Sake*

Ipo, Mzee. Umeme utapita hivyo hivyo hadi mvua, na wezi wanajua hamtatambua. Siku ya radi, piloni hiyo haina pa kuutupa mkondo. Vikombe vyake vitaungua, na ardhi ya kuizunguka itakuwa mbaya kwa mtu na kwa ng'ombe kuliko zamani.

Usiuguse mwisho wa waya uliobaki, wala usiufunge mwenyewe, hata kama anga ni jeupe. Mifugo isifungwe kwenye miguu ya piloni, na radi ikisikika watu wasijikinge mvua pale; radi ikikukuta karibu, kaza miguu pamoja, chuchumaa, usilale chini. Kwenye piloni kuna kibao chenye namba. Iandike, pamoja na mguu gani umekatwa na upande gani, uipeleke kwenye ofisi ya wenye laini. Wakija kurudisha, waombe waweke chuma cha zinki, si shaba: chuma hakina soko la haraka, na shaba iliyozikwa karibu na miguu ya zinki inaila zinki hiyo polepole. Wakubali pia kuichomelea kwenye mguu chini ya usawa wa ardhi, sentimita 30 hivi, na kupaka lami juu ya uchomeleaji, ili mwizi asione pa kuanzia.